Lord Egerton: Mjenzi wa kasri la vyumba 52 lililokosa mrithi

WANAOLIFAHAMU boma la Wajerumani lililopo Biharamulo wanajua jinsi wakoloni walivyotumia majengo kuonyesha mamlaka yao. Huko Njoro, karibu na Nakuru nchini Kenya, lipo jengo la kikoloni la aina nyingine: kasri alilojijengea mtu mmoja kwa mfano wa majumba ya makabaila wa Uingereza.

Mtu huyo ni Maurice Egerton, Lord wa nne wa Egerton wa Tatton, aliyezaliwa mwaka 1874. Ukoo wake ulimiliki Tatton Park, jumba la Cheshire lililosanifiwa na Samuel Wyatt mwishoni mwa karne ya 18 na kukamilishwa na mpwa wake, Lewis Wyatt. Usanifu wake uliiga majengo ya kale ya Wagiriki na Warumi, yenye nguzo ndefu mbele.

Egerton alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kurusha ndege, akapata cheti cha urubani mwaka 1910. Alirithi cheo cha ukoo mwaka 1920. Njoro alijipatia ardhi kubwa, katika nyanda za juu ambazo serikali ya kikoloni iliwatengea walowezi weupe.

Ujenzi wa kasri ulianza mwaka 1938, ukasimama wakati wa Vita Kuu ya Pili na kukamilika mwaka 1954, Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau. Lina vyumba 52 na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa. Vifaa vyake vingi viliagizwa kutoka Ulaya.

Masimulizi ya wenyeji yanadai kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, naye akawachukia wanawake wote. Lisilo na shaka ni kwamba hakuoa wala hakuacha mrithi. Alipofariki dunia Januari 1958, cheo cha ukoo kilikoma, na Tatton Park ikakabidhiwa shirika la National Trust.

Kilichodumu ni shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mwaka 1961 iliwafungulia milango watu wa rangi zote, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Leo wajukuu wa wale waliozuiwa kumiliki ardhi hiyo ndio wanaosomea kilimo juu yake.