Al-Jazari, Fundi Aliyeandika Kazi ya Mikono Yake

Ismail al-Jazari alikuwa fundi mkuu wa watawala wa Kiartuki mjini Diyarbakir, katika Uturuki ya leo. Mwaka 602 wa Hijria, yaani 1206, alikamilisha kitabu cha vyombo 50: saa, mitambo ya kuteka maji na sanamu zinazojiendesha. Katika mashua yake ya wanamuziki, maji yalizungusha gogo. Vigingi vilivyopangwa juu yake viliamua mdundo wa ngoma. Kompyuta nayo hufuata amri zilizopangwa.

Hakuridhika na elimu isiyojaribiwa kwa mikono. Aliandika vipimo na hatua ili mafundi wengine waweze kuunda.

Basi mwalimu wa Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, akimwona mwanafunzi anaunda gari la waya hatua kwa hatua, asidhani ni mchezo mtupu.