Apolo Kivebulaya, mtu aliyerudia Mboga



Kila mara kiisha mkutano wa uamsho, wengi kati yetu tunatoa moyo kwa Yesu. Mwezi haujaisha, tayari tumerudia mambo ya kale. Halafu tunaona haya kuingia tena ndani ya kanisa. Juu ya hiyo tumechagua maisha ya Apolo Kivebulaya, mhubiri aliyefanya kazi kule mashariki ya Kongo yetu.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Ujana wake haukunyooka. Alifuata mganga, kiisha akafundishwa Uislamu, kiisha akasikia Injili. Lakini akawa askari, akavuta bangi. Mungu hakumtupa. Mwaka 1895 alibatizwa, akajitoa kuwa mwalimu. Jina la Kivebulaya alipewa juu ya nguo yake iliyotoka Ulaya.

Mwaka 1896 alivuka milima ya Ruwenzori, akafika Mboga. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamerudi kwao, maana mfalme Tabaro aliwanyima chakula. Apolo akashika jembe, akalima mwenyewe. Watu wakaanza kusoma, lakini mfalme akamgeukia. Apolo alipigwa, nyumba yake ikachomwa moto. Mwaka 1898 dada ya mfalme alianguka juu ya mkuki, akafa. Wakasema Apolo ndiye aliyemwua. Akafungwa, akapelekwa Toro.

Alisimulia nyuma kwamba kule gerezani alimwona Bwana akimtia nguvu. Alipofunguliwa, nani angemlaumu kama angekwenda kwao Buganda kupumzika? Yeye akarudia Mboga, fasi ile ile walipomtesa. Tabaro alishangaa sana kumwona. Ginsi gani mtu anarudi kwa adui zake, tena bila kuleta kisasi? Moyo wake ukalegea, na yeye pia akabatizwa.

Apolo aliwekwa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Miaka ya mwisho alikwenda kuhubiri kwa Bambuti ndani ya pori ya Ituri. Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kielekee magharibi, upande wa pori, sababu kule kazi ilikuwa ingali kubwa.

Bandugu, tusifikiri Apolo alizaliwa na moyo wa kusamehe. Aliujua msamaha kwa sababu yeye mwenyewe aligeuka-geuka, na Mungu akamngojea. Ginsi alivyopokewa, ndivyo alivyompokea Tabaro.

Basi, kama uliahidi na ukaanguka, usijifiche nyuma ya dortwari siku ya sala. Kuja. Na wewe uliyebaki na nguvu, ukimwona mwenzako anarudi, usimcheke ukihesabu mara ngapi ametubu. Umpe nafasi kwenye benchi karibu yako. Sisi wote hapa Kamina tunaishi kwa rehema ya Mungu asiyechoka kutungojea.