Nahodha Aliyejisahau

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo kila habari naipima kwa faida na hasara. Wiki hii nimekwama kwa Hans Langsdorff, nahodha wa manowari ya Kijerumani, Admiral Graf Spee.

Alizaliwa 1894, akajiunga na jeshi la majini 1912. Aliitumikia serikali ya Hitler, hilo silifichi. Mwaka wa 1939 alizamisha meli 9 za mizigo za Waingereza, lakini hakuua baharia hata mmoja wa meli hizo. Aliwatoa kwanza.

Desemba 13 alipigana na manowari 3 za Uingereza. Meli ikaharibika, akakimbilia Montevideo, Uruguay. Akapewa saa 72 aondoke. Aliamini kikosi kikubwa kinamngoja nje. Badala ya kupeleka mabaharia wake zaidi ya 1,000 wakafe, Desemba 17 aliwashusha, akaizamisha meli yake mwenyewe.

Siku 3 baadaye, huko Buenos Aires, akajiua. Alikuwa na miaka 45.

Hapo ndipo hesabu yangu inakataa. Aliwahesabu wote, akajisahau yeye. Ndugu, dada, wewe unayebebea wengine mizigo nyumbani ama kazini, usinyamaze. Nitafute baada ya ibada, tuongee.