Habari za Emin Pasha na Anguko Lake la Bagamoyo

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mwili na udhaifu wake, akaweka katika kila maradhi mlango wa mazingatio kwa mwenye akili. Ama baada ya hayo, hizi ni habari za mtu aliyejulikana sana Sudani, Bara na Mrima, jina lake Emin Pasha; na habari za anguko lililompata Bagamoyo katika mwaka wa 1889, na jinsi alivyoyachukua maumivu yake hata akasimama tena, akarudi mpaka ufuko wa Ziwa la Nyanza. Imetakiwa azisikie hasa mtu aliyelala na mfupa uliovunjika au jeraha lisilofunga upesi, apate kujua ya kuwa njia hiyo wengine wamekwisha kuipita mbele yake.

Asili yake

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, nchi ya Silesia, iliyokuwa chini ya mfalme wa Prussia. Jina alilopewa na wazazi wake ni Eduard Schnitzer, nao walikuwa Mayahudi. Baba yake alikufa yeye angali mtoto, na mama yake akaolewa na Mkristo, naye akabatizwa. Alipokuwa kijana akasoma utabibu Breslau, Königsberg na Berlin, akahitimu mwaka wa 1864. Lakini hakupata ruhusa ya kufanya kazi hiyo katika nchi yake, basi akaondoka akaingia katika dola ya Waturuki, akawa tabibu wa karantini katika bandari ya Antivari. Huko alijifunza Kituruki na lugha nyingine nyingi.

Mwisho wa mwaka wa 1875 akafika Khartoum, akajulikana kwa jina la Mehmed Emin. Watu wakampokea kwa jina hilo la Kiislamu, akaishi nao kwa desturi zao. Na yaliyokuwamo moyoni mwake anayajua Mola wake. Mwaka wa 1876 Gordon akamwita awe tabibu mkuu wa jimbo la Khatt al-Istiwaa, kusini mwa Sudani, chini ya serikali ya Misri. Mwaka wa 1878 akafanywa wali wa jimbo hilo zima, na baadaye akapewa cheo cha Pasha.

Hakuwa mtu wa vita. Alipenda kuandika hali ya mvua na joto, kukusanya ndege na mimea, na kujua lugha za watu. Nayo kazi hiyo aliifanya kwa macho mabovu, kwani alikuwa haoni mbali, na kitabu au ndege aliyemshika mkononi alimleta karibu kugusa uso ndipo amtambue. Huo ulikuwa mtihani wake wa kwanza wa mwili, naye aliishi nao miaka mingi pasipo kuufanya sababu ya kuacha kazi.

Safari ya kushuka pwani

Katika mwaka wa 1881 Mahdi alisimama Sudani, na nchi ikageuka. Emin akakatiwa njia ya kaskazini, asipate askari wala nguo wala barua, akarudi nyuma hata Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Mwaka wa 1887 Stanley akatumwa kumtafuta, wakaonana tarehe 29 Aprili 1888. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule askari wa Emin wakamwasi, wakamfunga Dufile, mtu aliyekuwa wali wao miaka kumi. Hata Novemba akafunguliwa. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara ukaanza kushuka pwani, watu wapatao 1,500, waume kwa wake na watoto. Miongoni mwao alikuwamo Ferida, binti yake mdogo wa Emin, ambaye mama yake, mwanamke wa Kihabeshi, alikuwa amekwisha kufa.

Wakazunguka Ziwa la Nyanza upande wa magharibi, wakapumzika Usambiro, kusini mwa ziwa, kwa Mackay, Mskoti aliyekuwa amekaa miaka mingi katika nchi zile. Mwezi wa Septemba wakaingia Usukuma, nchi ile ile ilimo Bujora, iliyo karibu na Mwanza. Huko Nera wakashambuliwa, wakapigana siku kadhaa huku wanakwenda. Wengi waliotoka Ziwa Albert hawakuiona pwani: wengine walikufa, na wengine waliachwa njiani kwa ugonjwa na uchovu. Emin alipona vita, alipona kifungo, alipona homa na njaa. Tarehe 4 Desemba 1889 akaingia Bagamoyo, akaiona bahari.

Anguko

Usiku ule Wissmann, mkuu wa majeshi ya Wadachi, akawafanyia wageni karamu katika nyumba yake ya ghorofa. Huko nje, barabarani, wapagazi wa Unguja walikuwa wakicheza ngoma kwa furaha ya kumaliza safari. Ndani watu walikula na kuhutubu, na Emin mwenyewe akasimama akatoa shukrani. Kisha akaingia chumba kingine, akakaribia dirisha. Kwa udhaifu wa macho yake hakupima vizuri mwisho wa ukuta, akaanguka kutoka ghorofani mpaka chini njiani.

Akaokotwa hana fahamu. Fuvu la kichwa lilikuwa limevunjika, damu ikimtoka masikioni, na ubavu umeumia vibaya. Basi tazama hali ya mwanadamu: mishale ya Bara haikumpata, wala waasi hawakumuua, wala njaa haikumwangusha, akaja kuangushwa na dirisha, siku ya salama, katikati ya karamu, mlango wa bahari ukiwa wazi mbele yake. Mtu hujihadhari njia ya hatari, na mguu humteleza kizingitini kwake.

Kitandani

Akachukuliwa hospitali ya Wadachi iliyokuwa pale pale Bagamoyo. Matabibu wengine walimkatia tamaa, kwani damu itokayo sikioni baada ya kuanguka ni dalili ya kuvunjika mfupa wa chini ya ubongo. Lakini Parke, tabibu wa msafara wa Stanley, hakukata tamaa, akabaki kumwangalia wenziwe walipovuka kwenda Unguja. Wakati huo picha ya kuonyesha mifupa ilikuwa haijajulikana, kwa maana Röntgen aliivumbua mwaka wa 1895. Dawa kubwa ya mtu aliyevunjika fuvu ilikuwa ni kulala, kutulizwa, kusafishwa, na kungoja. Tabibu hakuweza kuunga mfupa wa namna ile kwa mkono wake. Aliweza kuulinda tu, na mwili ukajiunga wenyewe kwa amri ya Muumba.

Na kungoja huku kulikuwa kuzito kwake kuliko maumivu. Kwanza, yeye mwenyewe alikuwa tabibu. Alijua maana ya kila dalili, na ujuzi huo haumpi mgonjwa usingizi. Aliyezoea kusimama kando ya kitanda sasa alikuwa juu yake, akigeuzwa na mikono ya wengine. Pili, yule Parke aliyemtumainia alishikwa na homa kali, akachukuliwa Unguja yeye naye mgonjwa. Tatu, mwisho wa Desemba Stanley akaondoka kwenda Misri, na watu waliotoka na Emin katika jimbo lake wakapakiwa merikebuni kurudishwa Misri. Mtu aliyetafutwa kwa safari ya miaka mitatu, habari zake zikijaa magazeti ya Ulaya, akaachwa hospitalini kama mzigo uliosahauliwa forodhani.

Nje ya hospitali nchi nayo ilikuwa na jeraha lake. Bagamoyo ilikuwa imeharibiwa kwa vita vya Wadachi na watu wa pwani. Tarehe 15 Desemba 1889, Emin akiwa bado kitandani, Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani. Watu wa Mrima walikuwa na kilio chao wenyewe siku zile, na mgonjwa yule alikuwa mgeni wa wale wale waliowashinda.

Kidogo kidogo akaanza kurudiwa na nguvu. Alipoweza kukaa akashika kalamu tena, akarudia barua zake na kazi yake ya ndege na mimea. Hakungoja maumivu yaishe ndipo aanze, wala hakujitwika kazi ya mzima. Alifanya kipande kile ambacho siku ile ilimruhusu. Mwisho wa Januari 1890, karibu miezi miwili baada ya kuanguka, akatoka hospitali.

Kurudi Nyanza

Watu walidhani atapanda merikebu aende Misri au Ulaya akapumzike. Lakini uchungu wake juu ya Stanley ulikuwa mwingi, na Sudani kazi yake ilikuwa imekwisha. Akaingia katika utumishi wa Wadachi, na tarehe 26 Aprili 1890 akaondoka Bagamoyo na msafara kurudi Bara, hata miezi mitano haijatimia tangu fuvu lake kuvunjika. Alikuwa pamoja na Stuhlmann, mjuzi wa wanyama. Ferida alibaki nyuma, na baadaye akapelekwa kwa dada yake Emin huko Ujerumani.

Akapita Tabora mwezi wa Agosti, akapandisha bendera ya Wadachi. Kisha akafika Busisi, katika ghuba ya Mwanza, mahali ambapo kwa miaka mingi watu walivuka kwa mitumbwi na baadaye kwa pantoni, na ambapo mwaka wa 2025 lilifunguliwa daraja refu la Kigongo na Busisi. Kutoka huko akashika njia ya ziwa, na mwezi wa Novemba 1890 akajenga boma lililokuwa mwanzo wa mji wa Bukoba. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini macho yalizidi kuzorota, mtoto wa jicho akaanza kuyafunika, na akawa kama apapasaye gizani.

Ndui

Mwanzo wa mwaka wa 1891 akaondoka Bukoba akaelekea magharibi na kaskazini, akitumaini kuwapata askari wake wa zamani karibu na Ziwa Albert. Akawakuta, lakini wengi wao hawakukubali kumfuata. Kisha ndui ikaingia katika msafara. Hapo mtu yule, karibu kipofu, alitenda jambo linalostahili kukumbukwa kuliko vyeo vyake vyote. Tarehe 10 Desemba 1891 akamwamuru Stuhlmann aondoke na watu wazima arudi nao Bukoba, ili wasiambukizwe. Na yeye mwenyewe akabaki na wagonjwa.

Mwaka wa 1892 akaendelea na watu wachache kuelekea mto wa Kongo. Nchi ile ilikuwa imejaa fitina ya vita baina ya Wabelgiji na Waarabu wa Manyema. Mwezi wa Oktoba 1892 akauawa huko msituni kwa amri ya mkubwa mmoja aliyejulikana kwa jina la Kibonge, umri wake miaka 52.

Mazingatio

Katika maisha haya mna mambo matatu ya kushikwa na mtu aliyejeruhiwa.

La kwanza, mashaka hayana mahali pake maalumu. Mtu aliyetoka salama katika mkono wa tabibu, akaambiwa amepona, huenda homa ikamrudia, au kidonda kikafunguka, au mguu ukavimba tena. Hilo si dalili ya kuwa subira yake ya kwanza imepotea bure. Emin alifika pwani ndipo akavunjika, na hakuhesabu ya kuwa safari yote imekuwa hasara.

La pili, si vema kuchanganya subira na ukaidi. Siku zile za kitandani alisubiri: alikubali kugeuzwa, alikubali kutulia, alichukua kazi ndogo kwa kadiri ya nguvu, na kwa njia hiyo akapona. Lakini baada ya kupona aliondoka upesi, ameghadhibika, na macho yake yanataka tiba ambayo haipatikani msituni. Aliuponya mfupa asiiponye hasira. Mwenye akili akiulizwa na tabibu wake angojee mwezi mmoja zaidi, asione haya. Kwani mwezi mmoja wa kulala si aibu, na safari haikimbii.

La tatu, aliyeuguzwa ana deni. Emin aliachwa hospitalini na wenziwe wakaenda zao. Naye ilipofika zamu yake ya kuondoka na walio wazima, akakaa na wenye ndui. Pengine mtu haelewi upweke wa mgonjwa ila aliyeuonja. Basi anayepona na akumbuke kitanda alichokiacha, aende akamtazame aliyelala juu ya kitanda kama hicho, ampelekee maji na neno jema, kabla maumivu yake mwenyewe hayajasahauliwa.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wote, awape subira wanaowauguza, na atujaalie mwisho mwema. Amin.