MWALIMU NYERERE, MADENI NA WATU WA RUFIJI

Wadau, ukikaa na wazee wa Kibiti na kuwauliza habari za Mwalimu Nyerere, usishangae wakianza na kuhamishwa badala ya uhuru. Nitafika huko.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama 13 Aprili 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akaacha ualimu 1955 kwa ajili ya TANU. Hayo mnayajua toka shule ya msingi, nisiwachoshe. Leo tuangalie jambo moja tu: hela za kukopa.

Mwaka 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukayeyuka hivihivi. Alijua itamgharimu, akaendelea. Tarehe 5 Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha. Kwa kifupi lilisema pesa za nje haziwezi kuwa msingi wa maendeleo, msingi ni watu na ardhi, na anayetegemea mikopo anauweka uhuru wake rehani.

Sasa njoo huku kwetu. Mto ulifurika 1968, serikali ikaamua watu wa bondeni wahamie vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Ndiyo Operesheni Rufiji hiyo. Kwenye karatasi ilipendeza: shule, zahanati, maji. Ila Mrufiji hakuyaona mafuriko kama wakubwa walivyoyaona. Maji yakishuka yanaacha tope lenye rutuba, unapanda mahindi ya mlau bila kununua hata kilo moja ya mbolea. Aliyepelekwa juu ikabidi atembee mbali kurudi shambani na kulala kwenye dungu akilinda nguruwe. Yaani watu waliokuwa wanajitegemea tayari ndio walioondolewa kwa jina la kujitegemea! Hapo mimi na Mzee hatuelewani kabisa.

Na mikopo haikukoma. TAZARA ilijengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na miradi mingi ya miaka hiyo ilitegemea wafadhili na Benki ya Dunia. Halafu ngoma ikawa nzito: vita ya Kagera, mafuta bei juu, mazao bei chini. IMF wakaja na masharti: shusha thamani ya shilingi, bana mishahara, achia bei. Waziri wa Fedha Edwin Mtei alitaka wakubaliane nao, Mwalimu akagoma, Mtei akajiuzulu 1979. Mwaka mpya wa 1980, mbele ya mabalozi, Mwalimu akahoji ni nani aliyewapa IMF kazi ya kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Safi sana kusikia, lakini madukani sabuni na sukari zilipotea, watu wakapanga foleni. Aling'atuka 1985. Mwaka uliofuata serikali ya Mwinyi ikakubaliana na IMF.

Hakunyamaza lakini. Aliongoza Tume ya Kusini kuanzia 1987 hadi 1990, akizitaka nchi maskini zisimame pamoja mbele ya wadai. Alifariki London 14 Oktoba 1999. Tanzania ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni 2001, hakuiona.

Kuna kitu kimoja alichokitamani hapa Rufiji, bwawa la umeme la Stiegler's. Shirika la RUBADA liliundwa 1975, utafiti ukafanywa, hela za wafadhili hazikuja. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018, serikali ikisema inalipa kwa hela za ndani. Lina megawati 2,115 na jina lake, na umeme wa kwanza ulitoka 2024. Aprili mwaka huohuo mafuriko yakazamisha mashamba Rufiji na Kibiti, ubishi ukawaka kama bwawa limeongeza maji au limepunguza. Wakulima wa mlau na wavuvi wa kamba kule deltani wana swali jingine: maji yakishikwa huko juu, tope litafika huku lini, na kiasi gani?