Barbosa, kipa aliyefungwa kwa miaka hamsini

Kitenzi "funga" kina kazi nyingi katika lugha yetu. Mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga safari, hufunga ndoa na hufunga mwezi wa Ramadhani. Hakimu naye humfunga mhalifu. Tangu kandanda iingie katika pwani hii, kitenzi hicho kimeongezewa kazi nyingine: mshambuliaji hufunga bao, na mlinda lango hufungwa. Sisi tunaofundisha isimu huwaambia wanafunzi kwamba maana hizo zina asili moja, kisha kila moja imeshika njia yake. Aghalabu ni kweli. Lakini yuko mtu mmoja ambaye maana mbili kati ya hizo, ile ya uwanjani na ile ya mahakamani, zilimkutia mahali pamoja na zisimwache hadi kufa kwake. Mtu huyo ni Moacir Barbosa wa Brazil.

Huenda msomaji akauliza: Barbosa na sisi wa Kwale wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba anayepita jioni penye mabaraza ya Ukunda, Diani au Msambweni, siku moja baada ya mechi kubwa, atasikia swali moja likizungushwa pamoja na kahawa: nani kafungisha? Mechi yaweza kuwa ya ligi ya Uingereza iliyotazamwa katika kibanda cha video, au ya vijana wa vijiji viwili katika uwanja wa mchanga ambao milingoti yake ni boriti za mikoko. Swali halibadiliki. Wazee kwa vijana hulijadili kwa ufasaha mkubwa, na kabla ya magharibi jina la mtu mmoja huwa limepatikana. Ni vyema tujue jambo kama hilo lilimfikisha wapi binadamu mwenzetu.

Barbosa alizaliwa tarehe 27 Machi 1921 mjini Campinas, katika jimbo la São Paulo. Alikuwa mtu mweusi, mmoja wa mamilioni ya Wabrazili ambao mababu zao walivushwa bahari kutoka Afrika kwa minyororo. Alianza kandanda akiwa winga, kisha akahamia langoni, na huko ndiko kipaji chake kilikojidhihirisha. Mwaka 1945 alijiunga na klabu ya Vasco da Gama ya Rio de Janeiro. Jina hilo si geni kwa Mpwani, kwani ni la yule baharia Mreno aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Klabu hiyo iliasisiwa mwaka 1898, miaka 400 baada ya safari yake. Hata hivyo, pamoja na kubeba jina hilo, ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Rio mwaka 1923 ikiwa na wachezaji weusi na vibarua, na mwaka uliofuata ikakataa kuwatoa wachezaji hao vilabu vya wenye nacho vilipoitaka ifanye hivyo. Kwa hiyo Barbosa aliingia katika nyumba iliyokuwa imekwisha kuwafungulia mlango watu wa rangi yake.

Huko alivuna mataji. Mwaka 1948 Vasco ilikwenda Santiago, nchini Chile, ikarudi na taji la mashindano ya mabingwa wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1949 Barbosa alikuwa langoni Brazil ilipotwaa ubingwa wa mataifa ya bara hilo, ikiicharaza Paraguay mabao 7-0 katika mechi ya mwisho. Alikuwa akidaka mpira kwa mikono mitupu, bila glovu. Ilipofika Kombe la Dunia la mwaka 1950, ambalo Brazil ndiyo iliyokuwa mwenyeji, hapakuwa na ubishi juu ya nani asimame langoni.

Mashindano yale hayakuwa na fainali kama tunazozijua. Timu nne ziliingia katika kundi la mwisho na kucheza zenyewe kwa zenyewe. Brazil iliitandika Sweden mabao 7-1, kisha Uhispania 6-1. Uruguay ilitoka sare na Uhispania na kuishinda Sweden kwa taabu. Tarehe 16 Julai, katika uwanja mpya wa Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu. Waliolipa kiingilio walikuwa zaidi ya watu 170,000, na wapo wanaokadiria kwamba waliokuwamo walikaribia 200,000. Sherehe zilikuwa zimeanza kabla ya mchezo.

Friaça aliifungia Brazil bao mwanzoni mwa kipindi cha pili. Katika dakika ya 66 winga wa Uruguay, Alcides Ghiggia, alimpita Bigode upande wa kulia, akapiga krosi, na Schiaffino akasawazisha. Bado sare ile iliitosha Brazil. Katika dakika ya 79 Ghiggia alimpita Bigode tena, njia ileile. Barbosa, akiwa ameliona bao la kwanza lilivyopatikana, alisogea hatua moja mbele ili aikatize krosi. Krosi haikuja. Ghiggia alipiga moja kwa moja, na mpira ukapenya baina ya kipa na mlingoti wa karibu. Uruguay 2, Brazil 1. Maracanã nzima ikanyamaza kama kaburi.

Hebu sasa tuipime hukumu kama wafanyavyo watu wa baraza, ila kwa utulivu zaidi. Bigode alipitwa mara mbili na mtu mmoja, mahali pamoja. Juvenal, beki wa kati, hakufika kuziba pengo. Benchi la ufundi lilikuwa na dakika 13 baina ya bao la kwanza na la pili, na upande ule haukuimarishwa. Timu iliyohitaji sare haikurudi nyuma kuilinda sare hiyo. Ademir, aliyeibuka mfungaji bora wa mashindano yale, hakupata bao siku hiyo, na safu iliyokuwa imefunga mabao 13 katika mechi mbili iliambulia moja tu. Na Uruguay nayo, msomaji wangu, ilicheza. Hili ndilo husahauliwa zaidi: mpinzani si mti uliopandwa uwanjani; naye ana akili na miguu. Katika msururu huo mrefu, hatua moja ya Barbosa ilikuwa ya mwisho, na kwa kuwa ilikuwa ya mwisho, ndiyo iliyoonekana.

Lawama zilielekezwa kwa watatu hasa: Barbosa, Bigode na Juvenal. Wote walikuwa watu weusi, na haikuwa sadfa. Kwa miaka mingi baada ya hapo palikuwa na minong'ono katika kandanda ya Brazil kwamba mtu mweusi hafai kuaminiwa langoni. Dida alipoilinda Brazil katika Kombe la Dunia la mwaka 2006, wengi walilihesabu jambo hilo kuwa mwisho wa mwiko uliodumu kwa zaidi ya nusu karne. Kosa la dakika moja lilikuwa limegeuzwa tabia ya kabila zima la watu.

Barbosa mwenyewe hakuacha mpira. Akiwa na Vasco alitwaa tena ubingwa wa Rio wa mwaka ule ule wa 1950, na mwingine mwaka 1952. Timu ya taifa ilimwita mara moja tu baada ya hapo, mwaka 1953. Alistaafu mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 41. Kisha akapata kazi katika usimamizi wa uwanja, na uwanja wenyewe ulikuwa Maracanã. Miaka nenda miaka rudi, mtu huyu alikwenda kutafuta riziki yake hatua chache kutoka mahali alipofungiwa bao lile. Inasimuliwa kwamba milingoti ya zamani ilipong'olewa alipewa yeye, akaichoma moto na kuchomea nyama ya kuwakirimu rafiki zake. Inasimuliwa pia kwamba siku moja dukani mama mmoja alimwonyesha mwanawe kidole, akimweleza kwamba huyo ndiye aliyeiliza Brazil nzima. Mtoto huyo hakuwa amezaliwa mwaka 1950. Katika miaka ya 1990, mzee huyo alipokwenda kuitembelea timu ya taifa kambini, alizuiwa kuonana na wachezaji, wasije wakaambukizwa mkosi.

Alifariki dunia tarehe 7 Aprili 2000, akiwa na umri wa miaka 79. Katika uzee wake alikuwa akikumbusha kwamba sheria za Brazil hazikumruhusu hakimu kumfunga mtu zaidi ya miaka 30, ilhali yeye alikuwa amekwisha kutumikia karibu 50. Hapo ndipo maana mbili za "kufungwa" zilipokutana.

Nirudi sasa katika taaluma yangu, kwa sababu naamini ugonjwa huu una dalili katika sarufi. Sikilizeni mashabiki wa timu iliyoshinda: watasema tumeshinda, tumewafunga, tumewaonyesha. Kiambishi cha nafsi ni "tu-", na ndani yake wamo wachezaji, kocha, mashabiki, hata mwenye kibanda. Timu hiyo hiyo ikishindwa, nafsi hubadilika. Sasa ni kafungisha, kazubaa, katuuza. "Tu-" imetoweka kama umande, imebaki nafsi ya tatu umoja. Na katika kitenzi "fungisha" mna kiambishi cha usababishi, "-ish-", kinachomfanya mtu mmoja kuwa asili ya yote yaliyotokea. Ushindi huwa wa wote, kushindwa huwa kwa mmoja. Sarufi haikutulazimisha kusema hivyo, tumechagua wenyewe.

Wala sisemi kwamba kosa la mlinzi si kosa. Beki anayelala apaswa kuamshwa, na kipa anayetoka langoni ovyo apaswa kufundishwa. Mchezaji mmoja aweza kuugeuza mchezo, kwa heri au kwa shari. Anayekana hilo hajawahi kutazama mpira. Ghiggia aliugeuza, na kwao alienziwa hadi alipofariki tarehe 16 Julai 2015, miaka 65 kamili baada ya bao lake. Ninalosema ni kwamba kueleza kosa ni jambo moja na kumfanya mtu awe ndiye kosa ni jambo jingine. Anayeeleza kosa hutaja dakika, nafasi, waliokuwapo na wasiokuwapo. Anayemgeuza mtu kuwa kosa hutaja jina tu, na jina hilo hurithishwa watoto.

Kwetu Kusini mwa Pwani jambo hili lina uzito wake. Katika timu zetu za vijijini, langoni huwekwa mara nyingi kijana mdogo kuliko wote, au yule ambaye wenzake wamemwona hana mbio. Hana glovu, hana kocha wake, na mabeki mbele yake hukimbilia kushambulia ili nao waonekane. Akifungwa, lawama humfuata hadi kisimani, sokoni na mlangoni pa madrasa. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakiacha mchezo kabla ya kubaleghe sauti. Katika eneo ambalo vijana wengi hawana ajira, na ambamo uwanja ni miongoni mwa mahali pachache pa heri panapowakusanya, kumfukuza kijana uwanjani kwa maneno si jambo la mzaha. Tunayempoteza si kipa peke yake.

Nina pendekezo dogo kwa wenzangu wa barazani. Mechi ijayo ikipotea, kabla ya kulitaja jina, tuanze na "tu-". Tumefungwa. Kisha tuulize mpira ulitoka wapi, nani aliupoteza katikati, nani alipitwa, nani hakurudi. Tukifika kwa kipa mwishoni mwa safari hiyo, tutamkuta ana sehemu yake, lakini hatutamkuta peke yake. Wahenga walituambia mnyonge tumnyonge, lakini haki yake tumpe.

Tarehe 8 Julai 2014, Brazil, ikiwa mwenyeji kwa mara ya pili, ilifungwa na Ujerumani mabao 7-1 mjini Belo Horizonte. Safari hiyo makosa yalikuwa mengi mno kuweza kutundikwa shingoni mwa mtu mmoja. Ndipo wengi nchini humo waliposema kwamba Barbosa sasa ameachiwa huru. Mwenyewe alikuwa kaburini kwa miaka 14.