Abebe Bikila, Kiongozi Wangu Kazini

Mhariri amewaomba wanafunzi wa zamani waeleze ni nani aliyewaongoza katika kazi zao. Mimi ni mpima ardhi, lakini kiongozi wangu hakuwa mpima ardhi, wala hatukupata kuonana. Ni Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, nilipokuwa kidato cha kwanza katika shule yetu hii, na mwalimu wa michezo akatusimulia habari zake. Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata juu yake.

Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato. Alipokuwa kijana aliingia katika jeshi la Walinzi wa Mfalme Haile Selassie mjini Addis Ababa. Huko alifundishwa mbio na kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen.

Tarehe 10 Septemba 1960 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila viatu, kwa kuwa viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Mbio zilianza jioni zikaisha usiku, askari wakimulika njia kwa mienge. Karibu na mwisho walipita penye nguzo ya mawe ya Axum, ambayo Waitalia waliichukua Ethiopia mwaka 1937 na kuirudisha mwaka 2005. Hapo ndipo alipoongeza mwendo na kumwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi mpya ya dunia.

Watu wengi hukumbuka miguu mitupu tu. Lakini fikirini, wadogo zangu: Bikila alikuwa amekwisha kufanya mazoezi kwa viatu na bila viatu. Viatu vilipomkataa, mbio hazikumharibikia. Nilipoanza kazi mwaka 1980 niliifanya hii kuwa kanuni yangu. Jioni ya kuamkia safari ya porini nilikagua chombo cha kupimia, nikahesabu vigingi, na kila siku nilijizoeza kupiga hesabu kwa mkono ingawa tulikuwa na mashine. Betri ilipoisha maili nyingi kutoka mjini, wenzangu na mimi hatukurudi mikono mitupu.

Wiki chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, Bikila alipasuliwa kidole tumbo. Hata hivyo, tarehe 21 Oktoba 1964 alishinda tena, safari hii amevaa viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Wa pili alifika zaidi ya dakika 4 baadaye. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Huko Mexico mwaka 1968 mguu ulimuuma, akatoka njiani baada ya kilometa 17 hivi. Ushindi ukaenda kwa Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde. Ndizo mbio zile zile ambazo Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari, alizimaliza akiwa wa mwisho na goti limefungwa bendeji.

Mwezi Machi 1969 Bikila alipata ajali ya gari. Alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, lakini hakuweza kutembea tena. Mtu aliyeishi kwa miguu yake alibaki na mikono. Basi alijifunza kutumia mikono. Akiwa katika kiti cha magurudumu alishindana kwa upinde na mishale, akacheza mpira wa meza, na mwaka 1971 huko Norway alishinda mbio za sleji za kuvutwa na mbwa. Alipofariki alikuwa na umri wa miaka 41.

Sehemu hii ya maisha yake ndiyo iliyonifaa kuliko medali zote. Mwaka 1996 ofisi niliyoitumikia ilipunguza wafanyakazi, nami nikawa mmoja wao. Nilikuwa na watoto wanne wanaosoma. Chombo cha kupimia kilikuwa mali ya ofisi, kwa hiyo kilibaki huko. Nilikaa nikajiuliza nimebakiwa na nini. Nilibakiwa na mkono unaojua kuchora ramani na kichwa kinachojua hesabu. Nikaweka meza sebuleni, nikawachorea watu ramani za nyumba, na jioni nikawafundisha vijana hesabu. Fedha ilikuwa kidogo, ila hakuna mtoto wangu aliyeacha shule. Baada ya miaka 5 nilinunua chombo changu mwenyewe, nikarudi porini.

Ninyi mnaosoma sasa, chagueni shujaa mnayempenda, awe wa mpira au wa ngumi. Msiishie kuhesabu vikombe vyake. Ulizeni alifanya nini kabla ya siku ya mashindano, na alifanya nini alipopoteza kile alichokitegemea.

Anayependa kujua kazi ya upimaji anitafute siku ya mkutano wetu. Nitakuja na daftari zangu za vipimo.